Bwana Mifugo na Hisa za Mlali

Mtaa mzima tulimwita Bwana Mifugo. Kazi ya mifugo ilikuwa imeshamwacha zamani, miaka ile serikali ilipokuwa ikipunguza watu kazini na kuuza hiki na kile, lakini cheo aliondoka nacho, pamoja na mabuti yake ya mpira. Mabuti hayo aliyavaa kiangazi na masika, kanisani na msibani. Anayeijua Ihumwa mwezi wa tisa, vumbi linapotangulia mezani kabla ya chakula, ataelewa kwa nini wageni wakiulizia nyumba yake waliambiwa wamtafute mtu mwenye mabuti. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mtu wa reli na mtani wake, alizoea kumpigia kelele kutoka barazani: "Bwana Mifugo, mafuriko yamefika wapi?" Naye alijibu bila kucheka, "Bado yako Kongwa, yanakuja."

Neno lake kubwa lilikuwa "Amekula?" Aliliuliza kwa kila kitu. Redio ikikoroma, aliuliza kama imekula. Mtoto akilia, cherehani ikikwama, mwenyekiti wa mtaa akiongea kwa hasira mkutanoni, Bwana Mifugo aliinamisha kichwa na kumuuliza aliyekaa karibu naye, "Huyu amekula?" Siku moja basi la Mpwapwa lilizimika njiani tukiwamo mimi na yeye. Alishuka, akalizunguka taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti kwa muda mrefu kana kwamba anasikiliza homa, kisha akamuuliza dereva swali lake. Dereva, aliyekuwa amelowa jasho na grisi, alijibu kwamba amekula vizuri sana na amejaziwa Dodoma. "Basi ameshiba vibaya," Bwana Mifugo akasema, akaanza kueleza habari ya tumbo kujaa gesi. Ilikuwa ni mkanda tu uliokatika. Hakuona haya hata kidogo. Alipanda tena, akakaa, akaniambia kwamba dalili zilikuwa zinafanana.

Kipimajoto cha ng'ombe alikiweka mfukoni mwa shati, mahali ambapo wenzake waliweka kalamu. Hakuna aliyethubutu kumwambia akioshe mbele ya watu.

Kitu kilichonishangaza kwake tangu nikiwa mdogo ni kwamba uani mwake hapakuwa na hata kuku. Mtu aliyefundisha vijana kule Mpwapwa namna ya kumzalisha ng'ombe aliyekwama, asubuhi alikunywa chai ya rangi kwa sababu hana maziwa! Nilimuuliza, akacheka mpaka akakohoa. Ng'ombe anao, akasema, ila hawalali kwake. Mmoja yuko kwa rafiki yake, wengine kwa shemeji yake, dume liko upande wa Mlali. Akanieleza kwamba kwao Wagogo mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja, maana ugonjwa ukiingia, au mvua ikikataa upande huo, anabaki ameshika kamba. Unampa mwenzako akutunzie. Maziwa na mbolea ni vyake yeye, ndama ni wako. Siku ukitaka unakwenda kumsalimia ng'ombe wako, na ukifika unaonyeshwa kwa kidole: yule pale, na yule mdogo ni mwanawe.

"Na akifa?" nikauliza.

"Akifa, mtunzaji anakuletea ngozi."

Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya darasani. Ngozi haitumwi kwa mtu, akasema. Mtunzaji anaibeba mwenyewe, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Akifika haketi. Anaitandika chini, mwenye ng'ombe anaikagua, anatafuta alama yake, kisha anauliza: alikufa na nini? Maelezo yakilingana na ngozi, jambo limekwisha. Wanakula pamoja, na urafiki unabaki palepale. Lakini mtu akija mikono mitupu akasema tu kwamba ng'ombe wako kafa, huyo ng'ombe hajafa. Ameliwa, au ameuzwa mnadani. Nilikuwa mtoto wa kota za reli, sina ng'ombe wala matumaini ya kuwa naye, lakini maelezo yale yaliniingia.

Kampuni ya Mlali ilimfikia kwa njia ya mashudu. Kulikuwa na mfanyabiashara kule, watu walimwita Mkurugenzi, aliyesimika mashine ya kukamua alizeti mara tu watu binafsi waliporuhusiwa kufanya kazi iliyokuwa ya ushirika. Bwana Mifugo alikwenda kununua mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, kwa ajili ya yule dume wake, akarudi na habari ambayo hakuielewa vizuri, na sisi aliotusimulia hatukuielewa zaidi yake. Mkurugenzi alitaka mashine kubwa zaidi. Benki zilimzungusha. Sasa ameifanya biashara yake kuwa kampuni ya watu, na anauza hisa kwa yeyote anayetaka. Tena kuna soko linakuja. Si lile kubwa la Dar es Salaam lililokuwa likitangazwa redioni. Hili ni soko dogo, la kampuni ndogo ndogo za mikoani. Likifunguliwa, mtu aliyechoka na hisa zake ataziuza siku hiyohiyo na kwenda zake.

"Kwa hiyo ni ng'ombe wa kutunziwa," Bwana Mifugo alihitimisha. "Wa kwangu, ila yuko kwa Mkurugenzi. Na mnada wake unajengwa."

Wakati huo mimi nilikuwa nasomea biashara Dar es Salaam na nilikuwa nyumbani likizo. Nilimwambia, shikamoo yangu haijapoa, kwamba kabla ya kununua hisa mtu huangalia hesabu za kampuni, madeni yake na uongozi wake. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaenda Mlali kukagua kwa namna yake. Hakuuliza hesabu. Aliwatazama watoto wa Mkurugenzi kama wananawiri, akatazama kiatu cha mke wake, akatazama mbwa. Alirudi ameridhika kabisa.

"Mbwa wake ananenepa," aliniambia. "Mtu ambaye hata mbwa wake anashiba, huyo hana haja ya kula ng'ombe wa watu."

"Baba, mbwa si hesabu."

"Chuo chenu hakijafika kwenye mbwa," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Akachukua kiinua mgongo chake chote akakipeleka Mlali. Chote! Yeye aliyenifundisha habari ya zizi moja! Nilipomkumbusha alinishangaa, akanijibu taratibu kama anayemweleza mtoto: "Lile ni zizi. Hii ni kampuni." Nimeligeuza jibu hilo miaka yote hii na bado sijui kama lilikuwa la kipumbavu au lilikuwa na kitu ndani yake. Mtu huyohuyo hakuwahi kuweka fedha benki kwa sababu, alisema, karani wa benki ukimuuliza fedha yako iko wapi hawezi kukuonyesha.

Angeishia kwake mwenyewe, hii ingekuwa habari ya kuchekesha tu. Lakini baba alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Mama alikuwa ameshapokea mirathi. Kota tulizokuwa tukikaa tulitakiwa tuzihame. Mama alikuwa ameinua kuta za nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na sebule, ikabaki kupaua. Fedha ya bati ilikuwepo. Jioni moja Bwana Mifugo alikuja akakaa kwenye kigoda chake, kile cha mlangoni mwa jiko, ambacho hata baba akiwa hai hakuna mwingine aliyekikalia.

"Shemeji," alimwambia Mama, "bati hazizai."

"Sitaki zizae. Nataka zinifunike."

"Zitakufunika. Nakuomba msimu mmoja. Soko dogo likifunguliwa unauza, unapata bati na dari juu yake. Mimi nitakutazamia, nitakuwa nakwenda kila mara. Mimi ndiye nitakuwa mtunzaji wako."

Mama si Mgogo, ni mtu wa Tabora, lakini alikaa Ihumwa vya kutosha kujua neno hilo lina uzito gani. Akamtazama. Hakukuwa na mtu mtaani aliyewahi kumsikia Bwana Mifugo akisema uongo, hata ule mdogo wa kuepuka mgeni. Akaingia ndani akatoa fedha. Majirani wengi nao wakafuata.

Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, lazima niseme hivyo. Gawio lilitoka, dogo lakini lilitoka, na juu yake kila mwenye hisa alipewa dumu la mafuta. Bwana Mifugo aliyabeba madumu ya mtaa mzima kutoka kituo cha basi kwa baiskeli, safari baada ya safari, mabuti yanang'aa kwa mafuta yaliyomwagika. La Mama aliliweka mbele yake kwa mikono miwili. "Maziwa ya kwanza hayo," akasema. Mama akakaanga maandazi, harufu ikafika mpaka kwenye stesheni, na jirani aliyekuwa amekataa kununua hisa alikuja kuuliza kama bado zipo. Hapo Mama alikuwa ameshahamia kwenye nyumba yake. Chumba kimoja alikifunika kwa turubai la bluu, akasema ni la muda.

Mwaka uliofuata mimi nilipata kibarua. Ofisi iliyokuwa ikiandaa hilo soko dogo ilitaka kukusanya maoni ya wawekezaji wa mikoani, na kwa kuwa Dodoma ni kwetu, nikapelekwa na dodoso langu. Sijawahi kufanya kazi iliyonichanganya kama ile. Mwenye duka la vitenge pale mjini, ambaye wazee wake walifika na misafara ya biashara na hawakuwahi kuondoka, aliniagizia soda, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nanunua kitu ninachoweza kukifungia kufuli jioni. Hisa nitaifungia wapi?" Nikaandika kwamba ana wasiwasi kuhusu usalama. Mtumishi mmoja wa serikali alijibu maswali yote kwa "nakubali sana", hata lile lililouliza kama anaogopa hasara. Kisha nikafika kwa Bwana Mifugo, aliyekuwa amevaa koti lake jeupe la kazi kwa ajili ya mahojiano.

"Je, unaona soko la kampuni ndogo litakuwa na manufaa kwako?" nikasoma.

"Litakuwa siku gani?"

"Siku gani kivipi, baba?"

"Mnada una siku yake, binti. Watu wanajua, wanunuzi wanakuja na malori. Hili soko dogo ni siku gani, na uzio wake uko wapi?"

Nikamweleza kwamba litakuwa ndani ya jengo, Dar es Salaam, na litafunguliwa siku zote za kazi. Alikunja uso.

"Siku zote? Hao wanunuzi wa siku zote wanatoka wapi?"

"Watatuma madalali."

"Na kama siku hiyo mnunuzi hajatuma dalali?"

"Unasubiri."

"Nikisubiri, hisa inakula nini?"

Nilitazama dodoso. Kulikuwa na visanduku vya kutia alama: nakubali sana, nakubali, sijui, sikubali. Nikatia alama kwenye sijui. Nadhani ile sijui ilikuwa yangu kuliko yake, maana mtaalamu wa ofisi yetu nilipompelekea swali hilo alicheka, akaniambia niendelee na swali linalofuata.

Soko likafunguliwa. Nilihudhuria sherehe, kulikuwa na hotuba na keki. Jina la kampuni ya Mlali likaandikwa ubaoni na bei yake mbele, bei nzuri, ya juu kuliko ile waliyonunulia. Gazeti likaitoa. Bwana Mifugo alilikata gazeti lile akaenda nalo nyumba kwa nyumba, na mtaa ukajiona umetajirika. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimeshapasua turubai pembeni, na Mama alikuwa akilala amekinga beseni. Alimwambia tu, "Shemeji, sasa niuzie."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka kwetu kidogo kidogo, kisha yakaacha kabisa kueleweka. Tulipeleka hati kwa dalali, dalali akasema atatupigia. Hakupiga. Tulipomfuata alisema hakuna mnunuzi kwa sasa. Tukamwonyesha gazeti lenye bei. Akasema ndiyo, bei ndiyo hiyo. Bwana Mifugo aliposikia hivyo alisema madalali wa Dar wanamzuga Mama kwa kuwa ni mwanamke, akapanda basi kuja kuliona soko mwenyewe. Nilimpokea stendi ya Ubungo, mabuti na yote, nikampeleka.

Alitegemea nini sijui. Alipewa kiti nyuma ya chumba safi chenye zulia, na hilo zulia ndilo lililomtia shaka kwanza. Madalali walikuwa wachache, wamevaa tai, wanaongea kwa sauti ya chini. Ubaoni majina yalikuwa yamepangwa, na Mlali ilikuwemo, chini kabisa. Bwana Mifugo alikaa wima, mikono juu ya magoti, akisubiri Mlali iitwe. Kampuni chache za juu zikauzwa na kununuliwa. Mlali haikuitwa. Kengele ya kufunga ilipolia aliinuka akamfuata dalali mmoja kijana, akamsalimia, akamuuliza kwa upole uliotuaibisha sote:

"Mwanangu, bei ipo pale ubaoni, mnunuzi hayupo. Sasa hiyo bei kaitaja nani?"

"Ni bei ya mara ya mwisho ilipouzwa, mzee."

"Nani alinunua?"

"Hayo siwezi kukwambia. Ni siri ya mteja."

"Atarudi?"

Dalali akasema hajui. Si kijana mbaya, alitafuta kiti akampa tena akae.

"Mnadani," Bwana Mifugo akamwambia, "mtu akikosa mnunuzi anarudi nyumbani na ng'ombe wake. Anamkamua, maisha yanaendelea. Mimi leo narudi na nini?"

"Unarudi na hisa zako, mzee. Ziko palepale."

Kwenye basi la kurudi, niliambiwa baadaye na jirani aliyesafiri naye, hakuuliza habari ya kula kwa mtu yeyote.

Nimejaribu mara nyingi kulieleza jambo hili, na mimi ndiye niliyelisomea. Naweza kusema soko dogo lilikuwa na wanunuzi wachache mno. Naweza kusema wenye fedha waliona kampuni hizo ni ndogo na mbali, habari zake haziwafikii, wakaziacha. Nilisoma taarifa yetu ya maoni ilipochapishwa, jalada zuri, na yote hayo yalikuwemo. Bado sijui nani alinunua zile hisa za mwanzo kwa bei ile iliyotufurahisha. Wengine wanasema ni Mkurugenzi mwenyewe, wengine wanasema ni rafiki yake. Wengine wanasema hakuna aliyenunua kitu.

Huko Mlali nako, mafuta ya kutoka nje yalikuwa yameingia madukani kwa bei ambayo alizeti yetu haikuiweza. Mashine ikawa inafanya kazi siku moja moja, kisha haikusikika tena. Mkurugenzi alikwenda Dar kwa matibabu, au kwa mkutano, inategemea unamuuliza nani. Simu ya ofisi ikawa inaita bila kupokelewa. Gawio halikuja, barua haikuja, mkutano wa wenye hisa haukuitishwa. Lakini kila wiki gazeti lilitoa bei, ileile, haipandi wala haishuki. Kwa mujibu wa gazeti, Mama bado alikuwa na bati zake.

Watu mtaani wakaanza kusema kampuni imekufa. Bwana Mifugo alikataa katakata. Nilimsikia akibishana dukani: "Mmeona ngozi? Nani kaleta ngozi? Kama hakuna ngozi, haijafa!" Wenzake wakamcheka, wakamwambia akampime joto. Nilitaka kumtetea na nikashindwa kujua nianzie wapi, maana ubaoni kule Dar kweli haikuwa imekufa. Alikwenda Mlali mara nyingi kuliko alivyokuwa akienda kuwasalimia ng'ombe wake. Alikuta geti limefungwa, na mlinzi aliyesema hajalipwa na yeye pia anasubiri. Yule mbwa alikuwepo bado, Bwana Mifugo aliniambia kwa mshangao wa kweli, na bado alikuwa mnene.

Mama hakugombana naye. Ingekuwa afadhali. Siku moja tu nilirudi likizo nikaona kile kigoda cha mlangoni mwa jiko hakipo, kimeingizwa ndani chini ya meza. Bwana Mifugo alipopita alisimama nje ya ua, akamsalimia, "Mbukwa, shemeji," Mama akaitikia vizuri, naye akaenda zake. Nilimuuliza Mama kama amemkasirikia. Alikuwa anashona turubai, uzi mdomoni.

"Sijamkasirikia," akasema. "Nikimkaribisha akae, nitamwambia nini? Nitamuuliza bati ziko wapi? Na yeye atanijibu nini?"

Nililia siku ile, kwa sababu ya turubai na kwa sababu ya kigoda. Wote wawili nilikuwa nawapenda.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mpwapwa. Tulikuwa uani na Mama tunachambua mboga. Tulimwona akitokea barabarani, gunia begani, anatembea kwa shida. Nilichelewa kumtambua kwa sababu alikuwa amevaa kandambili. Mabuti hayakuwepo. Miguu yake, ambayo nadhani hakuna mtu Ihumwa aliyekuwa ameiona, ilikuwa myembamba na myeupe kwa vumbi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, Bwana Mifugo."

Akaingia uani. Mama akatazama huku na huku kama anayetafuta kitu cha kumkalisha, lakini yeye akainua mkono.

"Sikai. Nimekuja na ngozi."

Akashusha gunia, akachuchumaa, akatoa kipande cha bati nene kilichojikunja, kikubwa kuliko sinia. Kilikuwa cha mashine ya Mlali. Ulikuwa upande mmoja wa mdomo wa mashine, pale juu alizeti inapomiminwa. Bado ulikuwa na rangi ya kijani, na herufi chache za jina la kampuni. Alieleza kwamba alifika Mlali akakuta geti liko wazi na watu wa vyuma chakavu wanaikata mashine kwa moto. Hakuwazuia, atawazuia kwa neno gani? Aliwaomba kipande kimoja tu, chenye maandishi. Walitaka fedha, naye alikuwa na mabuti.

Akakitandika chini mbele ya Mama, upande wa maandishi juu, akasimama pembeni mikono mbele.

Mama hakunitazama. Alifuta mikono kwenye kanga, akainama, akakigeuza kile chuma upande huu na upande ule, akapitisha kidole juu ya herufi. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Alikufa na nini?"

Bwana Mifugo alifungua mdomo. Nadhani njiani kote alikuwa akilipanga jibu hilo. Akaanza na mafuta ya nje, akaacha. Akasema habari ya benki, akaacha. Akasema wengine wanamtaja Mkurugenzi, lakini watoto wake walikuwa wananawiri, aliwaona kwa macho yake. Akanigeukia mimi.

"Binti, wiki hii bei ipo kwenye gazeti?"

"Ipo, baba."

"Ileile?"

"Ileile."

Alitikisa kichwa. "Nimepasua ng'ombe wengi, shemeji. Natazama ini, natazama bandama, nasema huyu kafa na kitu fulani. Huyu simjui. Nimemwona amekatwa vipande, na kule mjini wanasema mzima. Sijui alikufa na nini. Nisamehe, sijui."

Mimi nilikuwa nasubiri Mama aseme kwamba yamekwisha, kama desturi inavyotaka, nijue tumemaliza. Badala yake akamuuliza:

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ngozi yako amekuletea nani?"

Hakuelewa. Akaanza kueleza tena kwamba yeye ndiye mtunzaji, yeye ndiye aliyesema atatazama, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kubeba. Mama akamkatiza, na huyo ni Mama ambaye hakuwahi kumkatiza mwanamume aliyemzidi umri.

"Wewe hukuwa mtunzaji, shemeji. Ulikuwa na ng'ombe wako mlemle, tena wengi kuliko wangu. Mimi umeniletea ngozi yangu, lakini ya kwako hakuna aliyekuletea."

Bwana Mifugo alimtazama. Akaitazama ile bati pale chini, akatazama kandambili zake, kisha akainua gunia tupu akajifunika nalo uso, mabega yanatikisika. Mimi sikujua niende kwake au nibaki. Mama akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka pale pale mlangoni mwa jiko, akamshika mkono akamkalisha.

Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amekula huyu?"

Nilikuwa sijui. Mama akaenda mwenyewe kubandika sufuria.